Mkalimani Aliyefupisha

Nakiru mwanangu,

Sikuulizi hali yako. Nimekusikia asubuhi ukiimba ukioga, na sasa umeenda mjini kununua viatu, kwa hiyo najua u mzima na umefurahi. Mimi sijafurahi. Nimekaa nyuma ya nyumba kwenye kivuli, karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kukatia mboga, nyanya yako ameketi kando yangu kwenye ngozi yake ya mbuzi, na upepo umeshajaribu mara mbili kuninyang'anya barua hii.

Mambo ya chandarua, na dawa ya maji, na kutopanda bodaboda ya mtu usiyemjua, mama yako ameyasema mpaka umeyakariri. Sitayarudia. Mimi nina hasira, na nisipoiandika leo nitaagana nawe kesho nikiwa nimenuna, nawe utafikiri sitaki uende. Nataka uende. Huko Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi, kuna watoto wanaohitaji mtu wa kuwasaidia kusema. Umesoma tiba ya usemi miaka miwili chuoni, na hii miezi mitano ya kujitolea ndiyo itakayoonyesha kama umeelewa au umekariri tu. Hasira yangu inatokana na ile barua yako ya kuomba nafasi.

Ulinisomea barua hiyo sebuleni mwezi uliopita, umesimama wima kama mwanafunzi kwenye gwaride. Uliandika kwamba umechagua kazi hii kwa sababu ya baba yako, mkalimani wa Kakuma, aliyekuwa sauti ya wasio na sauti. Mama yako akapiga makofi. Mimi nikasema naenda kuangalia mbuzi, nikatoka. Ulidhani nimeona haya kwa sababu ya sifa. Ukweli ni kwamba nilitaka kurusha kiti.

Nani alikwambia hawana sauti? Miaka yote niliyokaa kwenye ile kliniki ya kambi ya wakimbizi sikukutana hata na mmoja asiye na sauti. Wengine walikuwa na sauti ya kuamsha kambi nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa kimya wasikilizwe, na mtu huyo hakuwa mimi. Acha nikueleze baba yako alikuwa nani, kisha uamue kama utaendelea kujisifu naye.

Unajua nilianza kwa kupakia malori kule Lokichoggio. Madereva waliokuwa wakivuka mpaka wa Nadapal kwenda Sudan Kusini ndio walionifundisha Kiarabu cha Juba, kwa matusi kwanza, kisha kwa mazungumzo. Nikapata kazi Kakuma kwa sababu ya ulimi huo. Daktari alikaa upande huu wa meza, mgonjwa upande ule, mimi katikati. Foleni ilianzia mlangoni ikazunguka tangi la maji. Na mimi nilikuwa hodari. Mtu akisema maneno mia, nilimpa daktari matano. Daktari alinipenda. Wakalimani wengine walikuwa wakimaliza foleni jioni, meza yetu ilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Waliniita Mashine, na mimi nikavimba kichwa.

Siku moja aliingia mama mmoja kutoka Sudan Kusini na binti yake. Tulimwita Mama Achol, kwa jina la mtoto. Achol alikuwa na miaka minne, umri wako kabisa wakati huo, hata nywele zilikuwa zimenyolewa kama zako. Mtoto hasemi. Daktari akauliza, mwulize mama kama mtoto huyu aliwahi kusema, na hali hii ilianza lini.

Nikauliza. Mama Achol akakaa vizuri, akafunga leso yake upya, akaanza kueleza habari za ng'ombe. Ng'ombe wa baba yake, rangi zao, aliyekuwa akiwakamua, ni yupi aliyefia njiani. Nilikuwa nimesikia habari za ng'ombe na za njiani asubuhi nzima. Nikamwacha aongee. Masikio yangu nikayatoa nje kwenye foleni, nikawa nahesabu waliobaki. Aliponyamaza, daktari akaniangalia. Nikamwambia, anasema hajawahi kusema, alizaliwa hivyo.

Sikutunga kwa ubaya. Nilijua tu. Nilikuwa nimeona watoto wengi, nikaangalia huyu, nikajua. Daktari akaandika mstari mmoja, akamwambia mama akubali mtoto alivyo. Hayo nilimtafsiria yote, neno kwa neno, kwa sauti ya upole. Wakaondoka.

Miaka mitano baadaye nilikuwa sokoni Kakuma nikitafuta shuka la kumpelekea mama yako. Unalijua, lile jeupe lenye maua ya kutarizi, la kitandani kwetu. Mwenye meza akanitazama muda mrefu. Akatoa karatasi ya kliniki iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mkalimani mwingine, msichana mdogo, alikuwa amemsomea siku hizo.

"Wewe ndio mwanaume ya daktari," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Siku ile mimi nilisema mingi sana. Hii karatasi iko na laini moja. Ingine ulipeleka wapi?"

Nikamwambia simkumbuki. Uongo. Nilimkumbuka kwa ile leso.

"Mimi nilisema Achol alikuwa naita ng'ombe. Kila ng'ombe kwa jina yake, yeye mtoto kabisa, watu wanacheka. Halafu kwa barabara akapata homa, shingo ikakaa ngumu, siku nane. Homa ikaisha, na kuongea ikaisha. Ulimwambia daktari hii?"

Nikageuza shuka mkononi kama ninayetafuta bei.

"Yeye hasikii, ndugu yangu. Masikio ilikufa na ile homa. Wamempima juzi. Na mimi hii miaka yote namwita, haitiki, nasema huyu mtoto ni kichwa ngumu. Nilimpiga. Nilimpiga sana. Kwa sababu daktari alisema amezaliwa hivi tu, hakusema masikio."

Nakiru, unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mimi ni mdomo tu, mwenye kalamu ni daktari, aende akamuulize daktari. Nikampa kisogo. Shuka la mama yako nilinunua meza ya pili. Usiku tunalilalia, na mama yako hajui kwa nini mimi huwa nataka tutandike lile la buluu.

Ng'ombe wale ndio walikuwa jibu. Mama yule alianza na ng'ombe kwa sababu daktari aliuliza kama mtoto aliwahi kusema, na mtoto alikuwa akisema na ng'ombe. Alijibu swali moja kwa moja tangu neno la kwanza. Mimi, Mturkana, niliyelelewa zizini, nikasikia mtu anataja ng'ombe nikadhani anapoteza wakati! Mzungu akikosea hapo nitamsamehe. Mimi sijisamehe, na sitaki unisaidie kujisamehe.

Mkataba wangu ulipoisha walinifanyia sherehe, soda na keki, wakanipa cheti. Kimeandikwa kwamba nilitoa huduma ya haraka na ya kutegemewa. Kile kile unachokipangusa vumbi kila ukija likizo. Nimekiteremsha leo asubuhi. Ukiona alama nyeupe ukutani, ndiyo hiyo, na usikitafute.

Sasa nije kwako, maana hasira haikuishia kwangu.

Siku ile ya sokoni nilifika nyumbani Lodwar jioni. Ulikuwa na miaka tisa. Ulinipokea mlangoni na habari ya kuku aliyetagia ndani ya kiatu cha mwalimu wako, ukaanza tangu asubuhi, nani alikuja na nani hakuja. Nikakufokea, "Fupisha!" Ukasema, "Kuku alitaga kwenye kiatu," ukaenda zako. Sikuwahi kuisikia habari ile. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Neno nililokulea nalo ni hilo. Wazazi wenzangu waliwaambia watoto wao kula, soma, omba. Mimi nilikuwa na fupisha. Ukawa binti wa maneno machache, mwepesi, wa kwanza darasani, na mimi nikatamba mtaani Nakwamekwi kwamba mtoto wangu hapotezi muda.

Tangu nyanya yako apatwe na kiharusi mwaka jana, nimekuwa nikikuangalia ukifanya naye mazoezi. Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Alipotoka hospitali hakuwa na neno hata moja, ni machozi na mkono wa kushoto. Wewe ndiye uliyemrudishia jina langu. Siku aliponiita nilienda kulia kwenye zizi, na wewe uliniona, ukaniheshimu ukajifanya hukuona. Hilo silisahau.

Lakini zile kadi zako za picha! Umetoka nazo chuoni, umezifunga kwa mpira, unamwonyesha nyanya yako treni. Mwavuli. Tunda jekundu ambalo hata mimi silijui. Anaangalia, ananyamaza, wewe unaandika sifuri kwenye fomu. Mwanamke huyu ana majina ya mbuzi kwa rangi, kwa pembe, kwa madoa, majina ambayo wewe na mimi tukiunganishwa hatufikishi nusu. Jana ulipoenda kanisani mapema nilimtoa mpaka zizini nikamwonyesha mbuzi mmoja mmoja kwa fimbo. Alitaja tisa. Kwa tabu, kwa kurudia, mate yakitoka, lakini tisa. Ile fomu yako ingempa ngapi? Unaenda Kalobeyei na kadi hizo hizo? Kuna mtoto kule hajawahi kuona treni, atakuangalia tu, nawe utaandika mstari mmoja, na mama yake atatembea nao kwenye mfuko wa nailoni.

Nimepandisha hasira tena. Ngoja ninywe maji.

Nimerudi. Nyanya yako ananitazama ninavyoandika kwa nguvu, anacheka upande mmoja wa mdomo.

Jana baada ya ibada wale vijana wa kanisa na wenzako wa chuo walikuja kukuaga. Nyumba imejaa, wimbo, chapati. Nyanya yako ameketi kwenye pembe yake. Akainua mkono wa kushoto, akaanza neno letu la Kiturkana la maji, "Ng'a... ng'aki..." Kabla hajafika popote wewe ukageukia wageni ukasema, "Anataka maji. Ana kiu." Ukamletea kikombe chake cha bati. Akavuta maji mdomoni, akayashika, akakuinamia. Yakamtoka, yakatiririka kidevuni, yakakudondokea mkononi. Ukachukua kitambaa ukampangusa, ukajipangusa na wewe, ukawaambia wenzako kwa ile sauti yenu ya hospitali, "Kumeza bado ni shida kwake." Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema pole. Nyanya yako akafumba macho, na hakusema tena mpaka jioni.

Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya nyama. Nilikuona unammalizia sentensi, nikasikia damu inanipanda, kwa sababu niliona mgongo wangu mwenyewe kwenye ile meza ya daktari. Lakini kuhusu maji nilidhani kama ulivyodhani wewe. Kiu. Shida ya kumeza. Nilijua tu.

Leo ulipotoka kwenda mjini nikamletea ngozi yake hapa nje, nikaketi chini, nikamwuliza, "Mama, jana ulitaka nini?" Kisha nikafunga mdomo. Hujui ilivyo kazi. Mara nne nilikuwa na neno tayari kwenye meno, na mara nne lingekuwa si lenyewe. Jua lilihama kutoka kwenye miguu yangu likafika magotini. Mbuzi wa jirani waliingia, wakala majani yetu, nikawaacha. Alisema, akapumzika, akasema. Alikasirika na ulimi wake akaupiga kwa kiganja. Nami nikaandika. Haya ndiyo maneno yake, kwa Kiswahili changu, nami sikukata hata moja:

"Mbuzi mweupe. Yule wa kiangazi. Mama yangu alimchinja... hapana. Hakumchinja. Alitaka, akamwacha. Mimi naenda kuolewa. Nalia. Mama anakuja na kibuyu. Maji ni kidogo, kiangazi, watoto wana kiu. Anaweka mdomoni. Anatema hapa, na hapa. Kifuani. Ananiambia nenda, kwenda kwako kuwe baridi. Maji ya watoto, amenipa mimi. Jana nataka Nakiru. Nakiru anaenda. Naomba maji, ananipa. Mtoto mzuri. Mdomo umekufa, maji yanatoka mbaya. Ananipangusa. Anapangusa baraka. Watu wanasema pole. Mimi sina kiu."

Nimemsomea nilivyoandika. Akasikiliza mpaka mwisho, akanirudisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika mtoto ananipangusa, akasema niondoe neno mtoto. Alikuwa ameshasema mtoto mzuri, na hilo linatosha.

Nakiru, sote tunatemewa maji ya baraka na wazee wetu tangu tukiwa wadogo. Ulitemewa ulipoenda shule ya bweni, ulitemewa ulipoenda chuo, ulikuwa ukicheka na kuruka. Jana ulikuwa na mtu aliyejaza mdomo maji akakuinamia siku ya kuagwa kwako, na wewe ukaona mgonjwa. Na baba yako mlangoni, na sahani, akaona mgonjwa. Nimekasirika, na hutaniambia ni kosa dogo. Mama Achol naye alianza na ng'ombe.

Huko unakokwenda utakaa upande wa meza wa daktari. Katikati atakaa mtu kama mimi, hodari, anayependwa, anayemaliza foleni. Mama ataongea mpaka chai yako ipoe, kisha mtu huyo atakugeukia na maneno matano. Usiandike. Mwambie arudie yote. Atakununia. Foleni itanung'unika. Mkubwa wako atachungulia mlangoni akiangalia saa. Waache wote wanune. Na wewe mwenyewe, mtoto akihangaika na neno, nawe unalijua, lishike kwenye meno yako. Nimejaribu leo, najua linavyouma.

Sikutumi ukaniombee msamaha kwa Mama Achol. Najua utataka, ndivyo ulivyo. Usimtafute. Nimeshasemea watu vya kutosha, na sitaki mtu anisemee. Mwezi ujao nitapanda gari nije Kakuma mwenyewe, nitatafuta meza ile ya mashuka, na kama bado yupo nitakaa chini nimwombe anieleze tena tangu kwa ng'ombe. Akikataa, ana haki. Wewe nitakutembelea baada ya hapo, na utanieleza ile habari ya kuku. Yote.

Barua hii nitaiweka chini ya kikombe cha bati cha nyanya yako, na nitakwambia uisome kabla hujafunga mkoba. Gari limeitwa saa moja asubuhi. Litasubiri, nitalisimamia mimi mlangoni. Jaza kikombe, uketi chini mbele yake, umwangalie usoni. Usimsaidie. Maji yatatoka vibaya, yatakumwagikia kwenye vazi lako la safari na kwenye viatu vipya.

Usijipanguse. Panda gari ukiwa umelowa, yakaukie njiani.

Baba yako,
ambaye kwa mara ya kwanza hakufupisha.